Ndoo ya Visheti Chini ya Meza Yangu

Nimefundisha somo la Biashara kwa zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kuuza kitu changu kikaisha. Nilijaribu mara moja. Nilifuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba yangu Nkuhungu, nikaenda semina ya siku tano ya ufugaji bora, na niliporudi nikakuta wamekufa wote. Cheti cha semina ninacho mpaka leo. Mganga hajigangi. Kwa hiyo mradi wa ujasiriamali jamii ulipoingia shuleni kwetu, na Mkuu wa shule akatafuta mwalimu wa kuusimamia, hakuna aliyeshangaa aliponichagua mimi.

Niseme ukweli pia kwamba kwenye mafunzo ya mradi nilikwenda kwa ajili ya posho. Walimu wote tulikwenda kwa ajili ya posho, na yule aliyesema hakufuata posho ndiye aliyeuliza asubuhi ya kwanza kwamba inatoka saa ngapi. Mafunzo yalikuwa ya siku mbili, kule Chimwaga, katika ukumbi wenye kiyoyozi kikali hadi tukajifunika kanga. Afisa mradi alikuwa kijana mwembamba aliyetoka Dar, amevaa viatu vyeupe pe, jambo ambalo kwa vumbi letu la Dodoma linahitaji moyo. Akatuambia kwamba wanafunzi wetu hawana fikra za kijasiriamali, wamezoea kupokea. Kazi yetu ilikuwa kuwafundisha kuanzisha biashara ndogo, kuuza, na faida yote kuipeleka kwa wenye uhitaji katika jamii, ili wajifunze kutafuta na kutoa kwa mkupuo mmoja.

Tukapiga makofi. Nilipiga makofi huku nikijua kwamba nusu ya darasa langu la kidato cha tatu huamka kabla ya adhana kuwasaidia mama zao kukanda maandazi, na nusu nyingine hupita na karanga, mayai ya kuchemsha na maji baridi kila jioni. Watoto wale walikuwa na fikra za kijasiriamali tangu meno ya utotoni. Lakini ukishakunywa chai ya watu yenye sambusa mbili, huwezi kuanza kuwapinga.

Mmoja wa watoto hao alikuwa binti wa visheti. Namwita binti kwa sababu jina lake tulikwisha kulitangaza vya kutosha kwenye vipaza sauti, na sitaki kuongeza. Alikuwa anaishi Chang'ombe na bibi yake mzaa mama, Mrangi wa Kondoa, mwanamke mrefu mwenye miguu iliyovimba, aliyekuja mjini kumfuata mjukuu baada ya binti yake kufariki. Walipanga chumba kimoja. Bibi alikanda unga, akaweka iliki, akakata vipande vidogo kwa kisu kisichokuwa na mpini. Mjukuu alikaanga na kuvigeuza kwenye shira mpaka sukari ikishike kila kimoja kama ukungu mweupe. Kwa visheti hivyo walilipa chumba, sare, daftari na mchango wa chakula cha mchana shuleni. Shule za serikali ni bure, kama tunavyojua, na michango ndiyo inayotukumbusha.

Visheti hivyo vilikaa kwenye ndoo. Ilikuwa ndoo ya lita kumi iliyowahi kuwa ya rangi ya ukuta, nyeupe, ina mfuniko unaobana. Mpini wake wa plastiki ulikatika siku nyingi, na bibi akaweka waya wa shaba, akauviringishia kipande cha kanga nyekundu ili usiukate mkono. Mfuniko ule ulikuwa mali. Uliviweka visheti vikavu wiki nzima bila kulegea, na vumbi la barabara halikuingia.

Nimeieleza ndoo hiyo kwa urefu kwa sababu niliishi nayo. Sheria ya shule yetu inakataza mwanafunzi kufanya biashara eneo la shule, na binti alikuwa anauza saa ya mapumziko nyuma ya vyoo, anafunga visheti sitasita kwenye karatasi za mitihani ya zamani. Mara ya kwanza nilimkamata nikamwonya. Mara ya pili nilimkuta anamrudishia chenji kijana wa kidato cha nne huku anamwambia, "Na ile ya jana usisahau," bila daftari wala kalamu, na nikaona huu sasa ni utovu wa nidhamu uliokomaa. Nikaichukua ndoo na vilivyomo, nikaiweka chini ya meza yangu ofisini. Ilikuwa wiki chache kabla ya mfungo wa Ramadhani.

Vile visheti tulivila. Sitasema walimu walivila. Mimi ndiye niliyefungua mfuniko. Vilikuwa vizuri mno. Mwalimu wa Fizikia alisema mtoto huyu ana kipaji, akachota tena.

Binti alikuja ofisini kesho yake, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Naomba ndoo, Madam. Hata bila visheti."

"Sheria ni sheria."

Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bibi amesema biashara ikishindwa tunarudi Kondoa. Mjomba ana duka kule, anataka mtu wa kukaa dukani. Mimi nataka kumaliza kidato cha nne, Madam. Umebaki mwaka mmoja na nusu."

Nilimwambia nitalifikiria. Mwalimu akisema atalifikiria, maana yake ameshamaliza kufikiri. Na wiki ileile mradi ukaanza.

Klabu yetu ilikuwa na wanafunzi ishirini na wanne. Siku ya kwanza afisa alikuja na karatasi kubwa, akazibandika ukutani, akawauliza wana mawazo gani ya biashara. Kijana mmoja akasema maandazi. Afisa akatabasamu kwa huruma. Msichana mmoja akasema kuosha magari ya waheshimiwa wakati wa Bunge, na kwa kweli hilo lingelipa, lakini afisa akasema halina mnyororo wa thamani. Alitaka wazo bunifu, bidhaa yenye hadithi. Watoto wakatazamana. Mwishowe wakachagua sabuni ya maji, kwa sababu afisa mwenyewe alikuja na maelezo ya kuitengeneza, yamechapwa kwa rangi.

Sabuni ile ilitoka ya kijani, ikanukia limau, na ikamchubua mikono mke wa Mkuu wa shule. Nilicheka peke yangu chooni. Mradi ukawa umebakiwa na miezi mitatu, hauna bidhaa, na ripoti ya robo inatakiwa, na Mkuu ananiangalia kwa jicho ambalo halikuwa la mshikamano. Ndipo nikaitazama ile ndoo chini ya meza.

Nilimwita binti. Nilimwambia ajiunge na klabu, awafundishe wenzake kutengeneza visheti, na yeye awe kiongozi wa uzalishaji. Klabu inaruhusiwa kuuza eneo la shule kwa sababu ina barua. Akisimamia vizuri, mradi ukiisha nitamrudishia ndoo yake.

"Ukiisha lini, Madam?"

"Mwisho wa muhula."

Alihesabu kichwani, nilimwona anahesabu. "Haya, Madam," akasema.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini bibi yake asinunue ndoo nyingine, kwani ndoo hazijaadimika Dodoma. Alinunua. Lakini tulichokuwa tumekichukua sisi hakikuwa ndoo tu. Jioni zote za binti sasa zilikuwa za klabu. Alikaanga kwenye jiko la shule mpaka karibu na magharibi, wenzake ishirini na wanne wakikata vipande vya maumbo ya ajabu na kuimba, na akifika nyumbani bibi amekanda unga umekaa hadi umechacha. Miguu ya bibi haikumruhusu kusimama kwenye mafuta. Binti akaomba kwa afisa ruhusa ya kupeleka sehemu ya vile vya shuleni akauze mtaani kwao mwishoni mwa wiki. Afisa akamsikiliza vizuri sana, ameinamisha kichwa, kama walivyofundishwa.

"Unajua, mdogo wangu," akamwambia, "hiyo inaitwa mgongano wa maslahi. Hivi visheti sasa ni chapa ya klabu. Ukiuza na wewe pembeni, mteja atachanganyikiwa."

Chapa yenyewe ilikuwa kibandiko cha njano chenye mikono miwili inayopeana kitu. Mikono yote miwili ilikuwa minene.

Lazima nikiri kwamba biashara ilikwenda. Mbona isiende? Tulikuwa tunauza visheti vya bibi yuleyule, kwa wateja walewale, saa ileile ya mapumziko, ila sasa mbele ya vyoo badala ya nyuma. Mkuu alijitokeza kupigwa picha ananunua. Afisa aliandika kwenye ripoti kwamba wanafunzi wamegundua fursa iliyokuwa haijaonwa na mtu. Niliisoma sentensi hiyo, nikaweka sahihi.

Kila Ijumaa binti alipita ofisini. Hakusema mengi. Aliamkia, akachungulia chini ya meza kuona kama ndoo ipo, akauliza, "Bado, Madam?" Nami nikamjibu, "Bado." Ijumaa moja alichelewa, nikajikuta namsubiri, na nikakasirika kwa kumsubiri. Mchango wake wa chakula ulikuwa umekatika mwezi huo. Nililiona jina lake kwenye orodha ya wasiokula, nikajisemea kwamba nitalishughulikia baada ya makabidhiano.

Makabidhiano. Hapo ndipo akili zetu zote zilipokwenda. Mradi ulitaka faida ipelekwe kwa mwenye uhitaji, lakini kwetu huwezi kumpelekea mtu unga tu mlangoni kwake ukaondoka, kama mwizi. Lazima pawe na hafla. Hafla lazima iwe na mgeni rasmi, na mgeni rasmi hawezi kukaa juani, kwa hiyo turubai. Hawezi kukalia dawati, kwa hiyo viti vya kukodi vyenye vitambaa. Hawezi kuongea bila muziki wa kumwingiza, kwa hiyo vijana wa muziki. Hawezi kupita kwenye geti tupu, kwa hiyo bango. Faida ya visheti ikaanza kuingia kwenye viti na turubai. Watoto wa klabu waliniuliza kwa nyuso za kushangaa kama mwenye uhitaji atapata kitu. Nikawaambia atapata, ndiye sababu ya yote haya.

Kumtafuta huyo mwenye uhitaji tuliiachia kamati ya wanafunzi watano. Binti hakuwemo, alikuwa jikoni. Kamati ilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa mmoja wa Chang'ombe, naye akawaambia yupo bibi mmoja, miguu mibovu, analea mjukuu, zamani alijiweza kidogo kwa kuuza vitu vidogovidogo lakini tangu karibu na mfungo hali yake imeanguka ghafla, hata haijulikani kimetokea nini. Akawaonyesha picha yake kwenye simu. Kamati ikaandika jina. Jina la bibi na la mjukuu hayafanani, kwa sababu mjukuu anatumia la baba yake. Niliyapitia makaratasi, nikaona kila kitu kiko sawa, nikapeleka picha aliyoituma mwenyekiti kwa mchapishaji wa mabango.

Asubuhi ya hafla bango lilifungwa getini. Lilikuwa kubwa kuliko geti. Juu kabisa paliandikwa KUTOA NI MOYO, SI UTAJIRI, chini yake jina la bibi kwa herufi nyekundu, na katikati uso wake, amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, hajajitanda vizuri, hajui kama anapigwa picha. Wanafunzi mia nane walipita chini yake wakiingia shuleni.

Binti alinikuta ofisini natafuta pini za vitambaa vya viti. Hakuamkia. Kwa miaka mitatu hakuwahi kuniona bila kuniamkia.

"Madam, yule kwenye bango ni bibi yangu."

Nilimwangalia. Nilimwelewa mara moja.

"Kwa nini hukusema?"

"Sikujua. Bibi hajui kusoma. Mwenyekiti alimwambia ataitwa shuleni kwenye kikao. Naomba bango lishushwe, Madam. Na jina lake lisisomwe. Hatuhitaji unga. Mkinipa jioni zangu na ndoo yangu, sisi hatuna shida."

Ilikuwa saa tatu kasoro. Hafla ilipangwa kuanza saa nne. Nilikuwa na saa nzima, na panga lipo stoo, na kamba za bango zilikuwa za katani. Bado naikumbuka kamba ile. Nilimwambia, "Limeshalipiwa. Mheshimiwa yuko njiani. Na mwanangu, kusaidiwa si aibu."

Aliniangalia kama alivyokuwa anawaangalia wateja wanaosema watalipa kesho. Kisha akaenda jikoni, kwa sababu sahani ya visheti vya meza kuu ilikuwa bado.

Mheshimiwa alifika saa sita na nusu. Bibi alikuwa ameshakaa juani tangu saa nne, kwenye kiti cha mbele, nje kidogo ya kivuli cha turubai, kwa sababu kivuli kilikuwa cha viongozi. Alikuwa amejitanda mtandio wa kijani na kupaka mafuta miguu. Alipopita getini, walisema walinzi, alisimama akaliangalia bango muda mrefu, akauliza yule mwanamke ni nani, maana hana kioo kikubwa nyumbani. Walidhani anatania.

Kukawa na maombi, utambulisho, ngoma, na risala iliyosomwa kwa niaba ya klabu na kijana mmoja mwenye sauti nzito, ambaye visheti alikuwa hajui hata vinavyogeuzwa. Halafu mshereheshaji, mwalimu wetu wa Michezo, akatuletea mnada. Tumeuzoea kanisani baada ya ibada ya mavuno: kuku mmoja ananunuliwa, mnunuzi anamrudisha mnadani kwa kuonyesha ukarimu, ananunuliwa tena, na tena, mpaka kuku mwenyewe anachoka. Mwalimu akainyanyua sahani ya visheti. Mheshimiwa akainunua kwa bei ya mbuzi, akairudisha. Mkuu akainunua, akairudisha huku jasho linamtoka. Afisa mradi naye, maskini, akavutwa na umati akainunua. Kwa muda wa dakika kumi sahani moja iliingiza zaidi ya miezi yetu mitatu ya kukaanga, na somo la ujasiriamali likaishia pale: ukitaka pesa, mwaibishe mkubwa mbele za watu. Mwenye sahani mikononi, anayeizungusha kutoka mnunuzi hadi mnunuzi, alikuwa binti. Alipita mbele ya bibi yake mara sita. Hawakuangaliana.

Pesa ya mnada ilitangazwa kuwa itaanzisha mfuko wa klabu. Bibi alikuwa wa zawadi zilizokwisha kununuliwa: sembe, sukari, mchele, mafuta, sabuni za miche. Na sasa nieleze kosa, maana lilikuwa letu na hakuna wengine ambao wangelifanya. Vitu vilitakiwa viwekwe kwenye beseni jipya, lakini beseni lilikaliwa na mtu wa muziki likapasuka. Watoto wa kamati wakakimbia ofisini kwangu kutafuta chombo. Wakakuta ndoo nzuri yenye mfuniko chini ya meza. Wakaijaza sukari, sabuni na mafuta, wakaizungushia karatasi ya maua inayong'aa, wakaifunga na utepe wa pinki. Walifanya kazi safi. Nilikuja kuiona ilipokwisha kunyanyuliwa juu na mheshimiwa, kamera zimeelekezwa, na juu ya karatasi ya maua ukatokeza mpini wa waya na kipande cha kanga nyekundu.

Bibi aliipokea kwa mikono miwili. Hakuangalia mheshimiwa. Aliushika mpini, akaupapasa kwa kidole gumba pale kanga ilipofungwa fundo, na uso wake ukatulia kama wa mtu aliyepata jibu la jambo lililomsumbua siku nyingi. Mshereheshaji akamsogezea kipaza sauti, akamwambia aseme neno la shukrani.

"Nashukuru," akasema bibi. "Ndoo yangu nimeiona."

Watu wakapiga makofi.

"Nimeiuliza tangu kabla ya mfungo. Mtoto akaniambia, bibi, mwalimu ametuwekea. Mimi nikadhani ananificha kitu, labda imeibiwa. Kumbe kweli mlituwekea. Mmeipamba na maua. Mwenyezi Mungu awalipe kadiri mlivyotenda."

Makofi yakaongezeka, vigelegele vikapigwa, vijana wa muziki wakafungulia, na mheshimiwa akaanza kucheza akiwa amemshika bibi mkono. Katika watu wote wale tulioelewa tulikuwa watatu. Nilimtafuta binti kwa macho. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na sahani tupu, analia waziwazi, na wenzake wanampongeza kwa sababu walidhani ni furaha. Mimi nilipiga makofi. Sijui ningefanya nini kingine na mikono yangu, lakini ukweli ni kwamba niliyapiga.

Jumatatu kiti chake kilikuwa kitupu. Jumanne pia. Ijumaa, saa yake ya kupita ofisini, nilifunga ofisi nikaenda Chang'ombe kwa miguu. Nilikuwa nimebeba maneno mengi na bahasha ya mchango wake wa chakula, kutoka mfukoni mwangu, ya muhula mzima. Mlango ulikuwa na kufuli mpya. Mwanamke wa chumba cha pili alikuwa anachambua mchicha. Akaniambia wamehama tangu Jumapili.

"Wamekwenda wapi, dada?"

"Si wamerudi Kondoa, kwa mjomba wa mtoto. Bibi alikuwa anatamani kuondoka tangu zamani, nauli ndiyo haikuwepo. Sasa ile shule ikamletea msaada, Mungu awabariki. Akauza sembe na mchele na sukari pale dukani, wakapata nauli ya watu wawili na ya mizigo." Akanitazama vizuri. "Wewe ni wa ile shule?"

Nikamwambia hapana.

Hakuna aliyekuja kuchukua barua ya uhamisho. Niliandika barua mbili za kumuulizia kwa ofisi ya elimu ya kule, na simu nilipiga, na niliyempata akaniambia atalifikiria. Mkuu wa shule alipopata habari alitikisa kichwa akasema asante ya punda ni mateke. Klabu iliendelea kidogo, lakini visheti bila binti vilitoka vigumu hata mwalimu wa Fizikia akavikataa, na ule mfuko wa mnada ukanunua fulana za njano.

Mwisho wa mwaka afisa alinitumia fomu ya hadithi ya mafanikio. Sehemu moja iliuliza: mnufaika ametumiaje msaada? Nilikaa nayo siku mbili. Kisha nikaandika: Ameuza vyakula akapata nauli ya kurudi Kondoa, mjukuu wake, aliyekuwa kiongozi wetu wa uzalishaji, ameacha shule. Nilidhani fomu hiyo ingerudi kwa kishindo, nikaitwa, nikahojiwa, na kwa kweli nilikuwa nataka kuhojiwa. Jibu lilikuja siku hiyohiyo kwenye simu: "Asante sana Madam! Usafiri tunauweka kwenye mahitaji ya msingi. Una picha yenye mwanga zaidi?"

Sikuwa nayo, wakatumia ileile. Ripoti ilifika muhula uliofuata, karatasi nzuri ya kung'aa, na picha iko ukurasa wa mwisho. Bibi amesimama kati ya mheshimiwa na Mkuu, na mimi niko nyuma yao, nimekenua meno. Wote tunaangalia kamera isipokuwa yeye. Yeye ameinamia ndoo, kidole amekipitisha chini ya kile kitambaa chekundu, anaangalia kama waya wake bado unashika.